Ndani: Misingi ya Upambaji wa Nyumba za Mawe za Waswahili na Ushahidi wa Msamiati Wake



1.0 Utangulizi

Mada ninayoileta mbele yenu leo inaweza kuonekana ngeni katika ukumbi wa wanaisimu. Mazungumzo juu ya mpangilio na upambaji wa ndani ya nyumba tumezoea kuyaachia wasanifu majengo, mafundi seremala na wauza samani. Hata hivyo, nyumba ina majina ya sehemu zake, na majina hayo ni mali ya lugha. Pale ambapo kuta zimeanguka na wenye nyumba wamekwisha kufariki, mara nyingi jina ndilo linalobaki kutueleza chumba kilikuwa cha nani, kilikaa wapi, na kilipaswa kuonekanaje.

Wanafunzi wengi wanaposoma misingi ya usanifu wa ndani, yaani urari, uwiano, takriri, kitovu cha macho na upatanifu, huifahamu kupitia vitabu vya kigeni, na huamini kwamba fikra zenyewe ni za kigeni pia. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, mwanafunzi hudhani kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuelezea jambo hilo. Pili, hudhani kwamba wazee wetu walijenga na kupamba bila kanuni, kama mtu anayejaza kasha. Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba dhana zote mbili hazina msingi. Nitafanya hivyo kwa kuchunguza nyumba za mawe za upwa wa Afrika Mashariki, hasa zile za Lamu za karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, na kwa kuuhoji msamiati wake. Aidha, nitagusia gharama ya kijamii ya uzuri huo, maana historia inayosifu kuta na kuwasahau waliozijenga ni nusu ya historia.

2.0 Nyumba ya mawe na sehemu zake

Uchunguzi wa nyumba hizi una wataalamu wake. Usam Ghaidan alichapisha kitabu chake juu ya mji wa Lamu mwaka 1975. James de Vere Allen akaandika juu ya fikra za kitamaduni na za kimila zilizomo katika ramani ya nyumba ya Mswahili mwaka 1979. Naye Linda Donley-Reid akaifuatilia nyumba hiyo kama chombo cha mamlaka na cha kinga katika maandishi yake ya 1982 na 1990. Kwa upande wa Unguja, Abdul Sheriff amehariri na kuandika kazi muhimu juu ya Mji Mkongwe. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001.

Mgeni aliyefika katika nyumba ya muungwana wa Lamu alilakiwa kwanza na daka, yaani kibaraza kilichoingia ndani ya ukuta, chenye viti vya mawe pande zote mbili za mlango. Nyuma ya mlango kulikuwa na tekani, ukumbi mdogo wa ndani uliopinda ili jicho la mpita njia lisipenye. Kutoka hapo mtu aliingia kiwanda, uwanja ulio wazi kwa juu, ambao ndio ulioipa nyumba mwanga na hewa. Mbele ya kiwanda kulikuwa na msana wa tini, kisha msana wa yuu. Maneno tini na yuu ni maumbo ya Kiamu ya chini na juu. Nyuma ya misana hiyo kulikuwa na chumba kilichoitwa Ndani, na nyuma yake, katika nyumba nyingi, nyumba ya kati. Sabule ilikuwa chumba cha wageni wanaume, kilichotengwa na makazi ya familia. Jiko aghalabu lilikuwa juu, darini, ili moshi na joto visiwasumbue waliomo.

Vifaa vya ujenzi vilikuwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, na miti ya mikoko. Biashara ya mikoko ilikuwa na majina yake ya vipimo: fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa. Mti mmoja uligawanywa kwa unene na kazi yake, na kila unene ukapata neno lake.

3.0 Misingi ya mpangilio

3.1 Uwiano

Msingi wa kwanza ni uwiano. Upana wa chumba haukuchaguliwa kwa matamanio ya mwenye nyumba, bali kwa urefu wa boriti uliobeba sakafu ya juu. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba uzito wa mawe na chokaa ikipita kiasi cha mita 2.5 hadi 3. Kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba. Kipimo cha fundi kilikuwa mwili wake: shibiri, dhiraa, wari, pima. Shibiri mbili ni dhiraa moja. Dhiraa mbili ni wari. Wari mbili ni pima. Tukikadiria dhiraa moja kuwa sentimita 45, basi upana wa chumba ni kama dhiraa sita. Mtu aliyeketi, aliyelala au aliyesimama ndani ya chumba hicho alikuwa ndani ya kipimo kilichotokana na mkono wa binadamu.

Jambo hili lina mwenzake katika sarufi. Kiswahili hueleza ukubwa na udogo kwa viambishi vya ngeli. Tuna nyumba, chumba na jumba, maneno matatu yenye shina moja, yanayotofautiana kwa kipimo. Tuna mlango, kilango na lango. Na tuna daka na kidaka. Kwa umbo lake, kidaka ni daka dogo. Daka ni shimo la ukutani linalomweka mtu pale mlangoni. Kidaka ni shimo la ukutani linaloweka chombo kule chumbani. Mtu wa Lamu aliyetamka maneno hayo alikuwa ametambua, hata bila kuandika kitabu, kwamba umbo moja limerudiwa kwa vipimo viwili, nje kabisa na ndani kabisa ya nyumba.

3.2 Sitara

Msingi wa pili ni sitara. Katika vitabu vingi vya kigeni jambo hili huitwa faragha na huwekwa mwishoni, kama huduma. Katika nyumba ya Mswahili lilikuwa la mwanzo, nalo lilipangwa kwa daraja. Daka lilikuwa la kila mtu; tekani ilikuwa ya aliyeitikiwa; kiwanda na misana vilikuwa vya jamaa; Ndani palikuwa pa mwenye nyumba mwanamke na watu wake wa karibu kabisa. Kila daraja ilitiwa alama kwa njia tatu kwa pamoja. Sakafu ilipanda kwa kidato kimoja kutoka kiwanda hadi msana wa tini, kutoka hapo hadi msana wa yuu, na kutoka hapo hadi Ndani. Mwanga ulipungua. Mapambo yaliongezeka.

Lugha nayo ilikuwa na daraja zake. Hodi husemwa nje na karibu husemwa kutoka ndani. Haiwezekani kuyabadilisha maneno hayo nafasi bila kuleta kichekesho. Kwa mintarafu hii, tunaweza kusema kwamba mpangilio wa nyumba na mpangilio wa mazungumzo viliendeshwa na adabu moja.

3.3 Urari na takriri

Msingi wa tatu ni urari, ukiambatana na takriri. Mahali unapoonekana waziwazi ni katika ukuta wa zidaka, ambao kwa Kiswahili sanifu tungeuita ukuta wa vidaka. Ukuta huo ulifunikwa kwa lipu ya chokaa iliyochongwa, ukagawanywa katika safu za vishimo vyenye matao, safu juu ya safu, vikizungukwa na nakshi. Upande wa kulia ulijibu upande wa kushoto. Kidaka kimoja hakina uzito machoni. Vidaka hamsini vilivyopangwa kwa ulinganifu hufanya ukuta mzima kuwa kitu kimoja.

Kulikuwa na faida nyingine. Chumba cha Ndani hakikuwa na dirisha la kutazama nje, nacho kilikuwa chembamba. Kivuli kilichokaa ndani ya kila kishimo kiliupa ukuta kina, na jicho likaona nafasi pale palipokuwa na jiwe. Chokaa nyeupe nayo ilipokea mwanga kidogo uliotoka kiwandani na kuusambaza. Hivyo pambo lilitibu kasoro iliyoletwa na boriti fupi. Tunapofundisha kwamba pambo jema huzaliwa na mahitaji ya jengo, mfano huu uko karibu nasi kuliko mingi tunayoiagiza.

3.4 Kitovu cha macho

Msingi wa nne ni kitovu cha macho. Ukuta wa vidaka haukuwekwa penye wageni wote. Uliwekwa Ndani, mahali pa heshima kuu. Ndani ya vidaka hivyo viliwekwa vyombo vya Kichina na vitu vingine vya thamani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga utenzi wa Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, alipotaka kuonyesha kwamba dunia haidumu, alivitaja vidaka na vyombo vya majumba ya Pate yaliyokuwa yamekwisha kuwa magofu. Hakuhitaji kueleza vidaka ni nini. Msikilizaji wake alijua kwamba kidaka kitupu ni nyumba isiyo na mwenyewe.

Je, vyombo hivyo vilikuwa vya kuringia tu? Donley-Reid ametoa jibu tofauti. Kwa maelezo yake, Ndani na nyumba ya kati ni mahali pa mambo mazito: ndoa, uzazi, na kuoshwa maiti. Vyombo na nakshi vilikuwa pia kinga dhidi ya jicho la husuda na madhara mengine yaliyoogopwa saa hizo. Maelezo haya yanapata nguvu tukikumbuka kwamba vyombo vya kauri vilipachikwa pia katika makaburi ya nguzo, mathalani ya Kunduchi na Mambrui, na katika baadhi ya misikiti. Kwa hiyo kitovu cha macho hakikuwa cha kupendeza peke yake. Kilibeba maana, na maana hiyo ndiyo iliyoamua mahali pake.

4.0 Ushahidi wa asili ya maneno

Kwa muda mrefu walikuwapo waandishi walioichukulia nyumba ya mawe kuwa zao lililoletwa kamili kutoka ng'ambo. Ufukuaji wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1996, ulionyesha mji uliokua hatua kwa hatua tangu karne ya 8, kutoka majengo ya miti na udongo hadi ya mawe. Kwa upande wa lugha, Derek Nurse na Thomas Spear walikwisha kuonyesha mwaka 1985 kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyopokea maneno ya kigeni, na kwamba wingi wa maneno hayo haubadilishi nasaba yake.

Tukiyapanga maneno ya nyumba kwa asili yake tunapata picha inayostahili kuzingatiwa. Maneno nyumba, chumba, mlango, kiti na kitanda ni ya Kibantu. Ndani ni neno la Kibantu la mahali, nalo limegeuzwa kuwa jina la chumba bila kubadilishwa chochote. Kiwanda kinahusiana na uwanda. Haya ni maneno ya mifupa ya nyumba. Sasa tutazame maneno ya ngozi yake. Sahani na busati yametoka katika Kiarabu. Dirisha linanasibishwa na Kiajemi. Meza na kasha ni masalio ya Kireno, kutoka zama zilizoanza na kufika kwa Vasco da Gama mwaka 1498. Kabati na kochi yameletwa na Kiingereza. Kila tabaka la biashara na utawala limeacha samani yake na jina la samani hiyo, lakini mpango wa nyumba umebaki na majina ya wenyeji.

Mfano mmoja unahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, nao ni sakafu. Katika Kiarabu neno asili lina maana ya dari au paa. Katika Kiswahili sakafu ni pale tunapokanyaga, ingawa kamusi za zamani zinatunza pia maana ya paa bapa la chokaa. Je, Waswahili walilisikia neno vibaya? La, hasha. Katika nyumba ya mawe, boriti zilipangwa, mawe yakawekwa juu yake, kisha chokaa ikamwagwa na kupondwa hadi ikawa imara. Kazi hiyo moja ilikuwa paa kwa aliye chini na uwanja wa kukanyaga kwa aliye juu. Nyumba ilipoongezwa ghorofa, paa la jana likawa sakafu ya leo. Neno lilifuata kazi ya fundi. Mwanaisimu asiyejua ujenzi angeliita jambo hili mabadiliko ya maana na kuishia hapo. Anayejua ujenzi anaona ndani yake historia ya ufundi.

5.0 Nyumba na ushairi

Wanafunzi wa fasihi huenda wameona kwamba maneno ninayoyatumia, yaani urari, mizani, kina na takriri, ni ya darasa la ushairi. Sikuyachagua kwa mapambo. Ubeti ni neno lililotokana na neno la Kiarabu lenye maana mbili: nyumba, hasa hema, na mstari wa shairi. Wanaarudhi wa Kiarabu waliviita vipande vya ushairi kwa majina ya vipande vya makazi: kamba ya hema, kigingi cha hema, na nusu ya mstari wakaiita misra, ambayo kwa asili ni ubao mmoja wa mlango wenye mbao mbili. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, aliweka vina na mizani kuwa ndivyo vinavyolitambulisha shairi.

Mtunzi aliyepanga mizani minane kwa minane na fundi aliyepanga vidaka minane kwa minane walifanya kazi ya aina moja: kugawa kitu kirefu katika vipande sawa, kuvilinganisha, na kukipa kila kipande mwisho unaojibu mwenzake. Vyote viwili vilitunzwa na tabaka moja la watu, katika miji ile ile, katika karne zile zile. Kanga, ambayo ni pambo la baadaye kidogo, ina istilahi yake pia: pindo pande zote, mji katikati, na jina au ujumbe chini yake. Hapo tuna mpaka, kitovu na maandishi, na wanawake waliyaita majina hayo bila kusubiri kamati ya istilahi.

6.0 Gharama ya uzuri

Haitakuwa haki tuishie kwenye sifa. Nyumba ya mawe ilikuwa ya waungwana. Mawe yalikatwa, chokaa ikachomwa na kupondwa, maji yakatekwa, kwa mikono ya watu ambao wengi wao walikuwa watumwa. Katika nyumba za ghorofa familia iliishi juu. Chini kulikuwa na bohari na mahali pa watumwa. Daraja za sakafu zilizopanda kutoka kiwanda hadi Ndani zilikuwa pia daraja za watu. Sitara nayo ilikuwa na sura mbili. Ilimpa mwanamke muungwana heshima na mamlaka juu ya mahali pake. Papo hapo ilimwekea mpaka ambao mwanamke mtumwa, aliyetumwa sokoni na kisimani, hakuwekewa, kwa sababu hakuhesabiwa kuwa na heshima ya kulindwa.

Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, na katika upwa wa Kenya mwaka 1907. Uchumi uliolipia lipu ya kuchonga ulidhoofika. Tunaweza kuusikitikia ukuta wa vidaka uliobomoka, lakini hatuwezi kuusikitikia mpango wa kazi ulioujenga. Kwa maoni yangu, mwalimu anayefundisha misingi hii ana wajibu wa kufundisha yote mawili katika somo moja. Msingi wa usanifu hautenganiki na swali la nani anaruhusiwa kuketi wapi.

7.0 Safari ya maneno hadi leo

Zanzibar ya karne ya 19 iliongeza mambo mengine. Sayyida Salme, aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza vyumba ambavyo kuta zake zimegawanywa kwa vishimo na rafu zilizojaa vyombo vya kauri na vioo, pamoja na vioo vikubwa vya kujitazamia na saa za ukutani. Msingi ni ule ule wa Lamu, vitu ni vya biashara mpya. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash, ilikuwa kilele cha mtindo wa kuonyesha. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Katika karne ya 20 nyumba ya Kiswahili ya udongo na miti, baadaye ya matofali ya saruji, ilienea katika miji mingi ya Tanganyika na Kenya. Mpango wake unajulikana: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto vikitazamana, na uani nyuma penye jiko na choo. Hakuna vidaka wala lipu ya kuchonga. Lakini daraja za kuingia zipo, na urari wa pande mbili upo. Mkaazi wa Kariakoo au Magomeni aliyepanga chumba kimoja aliishi ndani ya misingi hiyo bila kuwa muungwana na bila kumiliki mtu. Hapo msingi ulitenganishwa na dhuluma yake, na hilo ni jambo la kutia moyo.

Maneno nayo yalisafiri. Baraza lilitoka kwenye benchi la mawe likawa mkutano wa wanaoketi hapo, kisha chombo cha uamuzi. Leo tuna Baraza la Mawaziri, na tangu mwaka 1967 tuna Baraza la Kiswahili la Taifa. Kiwanda kilitoka kwenye mahali pa wazi pa kufanyia kazi, kikawa mahali pa mashine. Sabule, ambayo wengi huiita sebule, ilikuwa chumba cha kumweka mgeni mbali na familia. Leo ni chumba ambacho familia nzima huketi, na mgeni hukaribishwa katikati yao. Badiliko la neno hili moja linaeleza badiliko la uhusiano wa mume, mke, watoto na wageni kwa ufupi ambao wanahistoria wa jamii wangeutumia kurasa nyingi.

Na vidaka je? Ingieni katika sebule nyingi za miji yetu mtavikuta. Lipo kabati la vioo, limesimama kwenye ukuta unaotazama mlango. Ndani yake kuna sahani, vikombe na glasi zilizopangwa kwa ulinganifu, ambazo hazitumiki ila kwa mgeni mkubwa, na pengine hata kwake hazitumiki. Kuna vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, kimoja kwa kila kiti, vyote vya rangi moja. Hiyo ni takriri. Hicho ni kitovu cha macho. Huo ni urari. Anayelicheka kabati hilo kwamba ni ushamba hajajua kwamba analicheka pambo lenye umri wa karne nyingi, lililobadili mti na kioo mahali pa chokaa.

8.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Mosi, nyumba ya mawe ya Waswahili ilipangwa kwa misingi inayoweza kutajwa na kufundishwa: uwiano uliotokana na boriti na mwili wa binadamu, sitara ya daraja kwa daraja, urari na takriri, na kitovu cha macho chenye maana. Pili, ushahidi wa misingi hiyo umo katika maneno, kwa maumbo yake, asili yake na safari zake. Tatu, misingi hiyo haikufa na magofu. Imehamia katika nyumba za watu wa kawaida.

Yapo mambo ya kutenda. Maneno kama tekani, msana na nyumba ya kati hayafahamiki kwa wasemaji wengi wa Kiswahili. Wanaoyafahamu vyema ni wazee na mafundi wa Lamu na visiwa jirani, na nyumba zinazoyafafanua zinauzwa, zinagawanywa na kujengwa upya kwa saruji. Idara zetu za Kiswahili na za usanifu majengo ziwatume wanafunzi wao pamoja, mmoja akipima ukuta na mwingine akiandika jina lake, kabla mmoja wao hajafika na kukuta ukuta pasipo jina au jina pasipo ukuta. Waundaji wa istilahi, kabla ya kutohoa neno la kigeni la upambaji, waulize kwanza kama fundi wa chokaa au mtunga mashairi hakuwa nalo. Na walimu wa historia waingize ramani ya nyumba miongoni mwa vyanzo vyao, wakikumbuka daima kusoma ghorofa ya chini pamoja na ya juu.

Tunaposema leo upambaji wa ndani, tunatumia neno ambalo Lamu lilikuwa jina la chumba chenye heshima kuliko vyote. Ni juu yetu kuamua kama tutaendelea kulitumia huku tukijua lilikotoka.